Hela za Mlima wa Dhahabu zilipokatika

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, zamu za usiku hazina huruma. Leo sina habari za wodini. Wiki iliyopita kaka alinipigia simu akasema mahindi mwaka huu yamekubali, wanunuzi wameshaanza kupita na malori, je, wauze yote halafu mimi nitume hela ya unga kuanzia Novemba kama kawaida? Nikamwambia asubiri kwanza. Jibu lenyewe limekuwa refu na linaanzia mbali kidogo, kwa hiyo nimeona niliandike hapa mlisome wote, maana najua si nyumba yetu peke yake yenye utaratibu huo.

Nianze na popo. Huku Guangzhou popo ni bibi mzaa mama, lakini hata bibi wa mtaani usiyemjua unaweza kumwita hivyo na akaitika. Popo ninayemsema anakaa ghorofa ya tatu, mimi niko ya tano. Mwezi Novemba 2022 wilaya yetu ya Haizhu ilifungwa kwa ajili ya korona, karibu mwezi mzima, hadi hatua zilipolegezwa ghafla tarehe 30. Nilikuwa nimetoka zamu, nikalala, nikaamka geti limeshafungwa. Ndani nilikuwa na mchele kama kilo mbili, mayai manane na pakiti chache za tambi. Hela nilikuwa nazo kwenye simu, ila hela kwenye simu haziliwi! Unaagiza chakula asubuhi, jioni unaambiwa oda imefutwa. Mboga zilikuja kwa mgao, siku nyingine kabichi tu.

Siku ya sita nilikuta mfuko umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango. Ndani kulikuwa na mchele, figili iliyokaushwa kwa chumvi, na zile soseji zao za nguruwe wanazozianika kwenye upepo msimu wa baridi (kwa ndugu Waislamu, niwieni radhi, nasimulia yaliyotokea). Popo alikuwa amesikia nakaa peke yangu.

Tulipofunguliwa nilishuka kumshukuru. Akanionyesha uvunguni mwa kitanda: mtungi wa mchele, maharage ya kijani, uyoga mkavu, chumvi, mafuta. Nikacheka, nikamwambia popo una duka humu. Hakucheka. Akasema, mama yangu ametoka Taishan.

Sikuelewa. Ilibidi nikasome, na nikamuuliza tena na tena, ndipo nikaelewa.

Taishan iko kusini-magharibi ya Guangzhou, mkoa huu huu wa Guangdong. Tangu enzi za kukimbilia dhahabu California mwaka 1849, na baadaye ujenzi wa reli ya Marekani miaka ya 1860, vijana wa huko waliondoka kwa maelfu. Marekani waliiita Gam Saan, yaani Mlima wa Dhahabu. Walifua nguo za watu, walipika mahotelini, na kila baada ya muda walituma hela nyumbani kupitia maduka ya mawakala Hong Kong. Hela hizo zilijenga shule, barabara na hata njia ya reli. Wilaya ya jirani, Kaiping, bado kuna minara ya ghorofa waliyojenga kwa hela hizo kujikinga na majambazi na mafuriko. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2007. Nimeenda kuitembelea, ni mizuri ajabu, nguzo za Kizungu katikati ya mashamba ya mpunga.

Tatizo ni kwamba mashamba hayo hayakutosha kuwalisha. Hata Guangdong yenyewe kwa miaka mingi ilinunua mchele wa mkoa wa Guangxi ulioshushwa kwa mto, na wa Siam uliokuja kwa meli. Kwa watu wa Taishan hilo halikuonekana shida. Baba yuko Mlima wa Dhahabu, hela inakuja, mchele unanunuliwa sokoni. Mnaona ninakoelekea?

Oktoba 1938 Wajapani waliiteka Guangzhou. Bado hela ziliendelea kupita Hong Kong. Kisha Desemba 1941 Japani ikaishambulia Marekani kule Pearl Harbor, na siku ya Krismasi mwaka huo huo Hong Kong ikaanguka. Njia ya hela ikakatika. Baba zao walikuwa hai, walikuwa kazini, wana mishahara yao San Francisco, lakini hata senti haikufika. Mchele wa kutoka nje nao ukazibwa na vita. Mwaka 1943 mvua ikagoma, bei ya mchele ikapaa, na njaa ikaiangukia Guangdong. Nyumba zilizokuwa zikionewa wivu, nyumba za wenye watu ng'ambo, zikawa kati ya zilizoumia vibaya kabisa. Waliuza vito, wakauza samani, wakang'oa milango na mbao za nyumba wakauza, wengine walifikia kuuza watoto. Popo alikuwa mchanga wa mwaka mmoja. Mama yake alimbeba mgongoni wakaondoka kwa miguu, dada yake mkubwa hakufika. Hapo popo alinyamaza, na mimi sikuuliza zaidi.

Niliposikia hayo sikulala vizuri. Mimi ndiye baba wa Mlima wa Dhahabu wa nyumba yetu.

Yaliyofuata nayapitisha haraka. Mwaka 1959 hadi 1961 China yote ilipata njaa kubwa, makadirio ya watafiti ya waliokufa yanaanzia milioni 15 na kupita milioni 40. Popo anakumbuka watu wa mtaani kwao kuvimba miguu, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Wauguzi wenzangu mnaijua hiyo, ni mwili kukosa protini. Kulikuwa pia na vyeti vya mgao wa nafaka vilivyotumika tangu 1955 hadi 1993. Bila cheti, hata uwe na hela, wali hupati. Halafu Februari 2003, ugonjwa wa SARS ulipokuwa ukienea hapa Guangdong, watu walivamia maduka, kwanza siki na dawa za mitishamba, kisha mchele na chumvi. Popo anasema siku zile alikaa nyumbani akinywa chai.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu sisi nasi si wageni wa haya mambo. Wakubwa mnakumbuka ukame wa 1973 na 1974, wakati huo huo watu wanahamishiwa vijijini, mpaka serikali ikaagiza mahindi ya njano kutoka nje na unga wake ukaitwa yanga. Bibi alikuwa akisema nyumba nyingi kwetu hazikuwa na hela wakati ule, kilichowasaidia ni michembe na matobolwa. Kwa ndugu wa pwani wasiojua: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kukaushwa juani, matobolwa huchemshwa kwanza. Ukipika na karanga au maharage unashiba hadi kesho. Kizazi chetu tumeviona ni chakula cha kimaskini, tukaacha. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaficha wenzangu bwenini kwamba nimewekewa matobolwa kwenye sanduku!

Najua kaka atasema mahindi yanaliwa na dumuzi. Ni kweli, na huyo mdudu ana historia yake. Asili yake ni Amerika ya Kati, kwetu aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na inaaminika aliingia na mahindi ya kuagizwa. Wakulima wakampa jina la Scania kwa jinsi anavyosaga. Lakini siku hizi kuna mifuko ya PICS, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia. Ukiifunga barabara, wadudu wanamaliza hewa iliyomo na kufa, bila dawa yoyote.

Sharti moja tu, mahindi yawe makavu kwelikweli. Na hapa naongea kama nesi. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu 20 walikufa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye mahindi. Haitoki kwa kupika wala kwa kuosha. Kwa hiyo anikeni juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Kupima ni rahisi: chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado hayajakauka. Yaliyobadilika rangi yatupwe, msiwape hata kuku.

Na wekeni nafaka, si unga. Dona lina mafuta ya kiini, linachacha upesi.

Kiasi gani? Mtu mzima anahitaji nafaka kama gramu 400 kwa siku. Nyumbani mko 6, ni kilo 2.4 kwa siku, kilo 72 kwa mwezi. Kuanzia Novemba hadi Machi ni kilo 360, tuseme gunia nne za kilo mia. Maharage gramu 60 kwa mtu, hivyo kwa miezi hiyo mitano gunia moja dogo la kilo 55 linatosha. Chumvi na mafuta mnajua wenyewe.

Samaki wa chumvi msiwaige Wakantoni. Samaki wao wa kuchachua na chumvi wamethibitishwa kuleta saratani ya nyuma ya pua, hasa kwa aliyelishwa tangu utotoni, na huku ugonjwa huo ni mwingi kiasi kwamba unaitwa saratani ya Guangdong. Popo nimemwambia, amenijibu ana miaka themanini na kitu.

Basi kaka, kabla hujamjibu mwenye lori, pima. Gunia nne zitoke pembeni kwanza, zinazobaki baada ya chakula cha hadi Oktoba ndizo uuze. Hela ya mifuko na turubai natuma Ijumaa kwa namba ya wifi. Hela ya Novemba nitatuma pia, lakini iwe ya ada na dawa za mama. Na mama, kama viazi vipo, naomba uniwekee matobolwa debe moja. Nikija likizo nataka kumletea popo.