Safari ya Hija: Masafa ni Yale Yale, Muda Umebadilika

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mwenye kusimama kusali hapa Bungu, katika nchi ya Rufiji, huelekea kaskazini. Ukitazama ramani utaona Dar es Salaam na Jiddah zimo karibu katika mstari mmoja, kusini na kaskazini, hata saa zao ni moja. Kwa njia ya anga baina yao ni karibu kilomita 3,200, na ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa muda wa saa nne hadi nne na nusu. Kutoka Jiddah mpaka Makka ni kilomita kama 80 kwa barabara.

Wazee wetu hawakuhesabu safari kwa saa, bali kwa pepo. Kaskazi ilileta majahazi ya Arabuni tangu Novemba au Desemba, na kusi, ianzapo mwezi wa Aprili, iliyarudisha. Majahazi hayo yaliingia mpaka ndani ya midomo ya mto Rufiji kupakia boriti za mikoko, zikajengewe nyumba za Arabuni na Ghuba. Mwaka 1939 baharia wa Australia, Alan Villiers, alikuja Rufiji kwa jahazi la Kuwait lililokuwa chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, kisha akaiandika safari ile kitabuni. Na zamani zaidi, mwaka 1331, Ibn Battuta, naye amekwisha kuhiji, alifika Kilwa, kusini yetu. Kutoka Zeila mpaka Mogadishu peke yake alikaa baharini siku 15.

Sasa ifikirini hali ya hujaji wa zama hizo. Pepo hufuata mwaka wa jua, na Hija hufuata mwezi mwandamo, ikitangulia kila mwaka kwa siku kama 11. Basi kuna miaka ambayo kusi ilimfikisha mtu mapema, akangoja Hija kwa miezi. Na akisha kuhiji, aliingoja kaskazi imrudishe kwao. Aliyeaga hakujua kama ataonana tena na watu wake. Kwa hiyo alilipa madeni, aliandika wasia, aliwawekea watoto chakula, na aliomba radhi kwa jirani. Urefu wa njia ulimkumbusha wajibu wake.

Leo njia haitukumbushi. Mtu huuza korosho, akalipia safari, na hali aliyemkopesha salfa ya mikorosho hajalipwa. Moyoni husema, "Nitarudi baada ya wiki chache, nitamlipa." Nani aliyempa ahadi ya kurudi? Mauti hayapimi safari kwa urefu wake.

Tena tazameni jambo la ihramu. Ndege hupita mkabala wa Yalamlam, mikati ya watu wa Yemen, muda mfupi tu kabla ya kutua Jiddah. Ndiyo maana mahujaji wetu wengi huvaa ihramu kabla ya kupanda. Wanajua kwamba angani hakuna nafasi ya kuchelewa. Basi na deni ni vivyo hivyo, na radhi ya mzazi, na ugomvi wa mpaka wa shamba: hayo yamalizwe hapa hapa kijijini, kabla ya kupanda gari la Dar es Salaam.

Ndege ni neema, nasi tumshukuru Mola kwa neema hiyo. Lakini imepunguza siku za njiani tu. Haki za watu haikuzipunguza hata moja.

Wabillahi tawfiq.