"Tintin au Tibet": muchezo wa zamani ambamo shujaa hana bunduki

"Tintin au Tibet" ni muchezo wa video uliotengenezwa na Infogrames, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa na makao ku Lyon. Ulitoka Ulaya kati ya 1995 na 1996 kwa mashine za Super Nintendo, Mega Drive na Game Boy, na pia kwa ordinatere. Unatokana na kitabu cha BD chenye jina hilohilo, ambacho Mubelgiji Hergé alitoa mwaka wa 1960.

Mashine hizo hazitengenezwe tena. Leo muchezo huu unachezwa kupitia emuleta, ni kusema programu inayofanya telefone iige mashine ya zamani. Faili yake ni megabaiti chache tu na haiombe intaneti. Ndiyo maana michezo ya namna hii inaweza kufika kwa mutoto wa Ndosho, hata pale ambapo umeme ni wa kubahatisha na megabaiti zinauzwa bei kali. Lakini mutu ajue kwamba muchezo ungali na wenyewe: kuwa wa zamani si kusema kwamba kila mutu ana ruhusa ya kuunakili.

Unachezwa namna gani?

Ni muchezo wa kukimbia na kuruka, wa aina ileile ya Mario. Unaona Tintin kwa upande, anatembea, anaruka, anainama, anapanda. Lakini Mario anaruka juu ya adui na kumuponda. Tintin hapigi mutu. Hana bunduki wala kisu. Mawe yakianguka, anakwepa. Mutu ao munyama akimuzuia njia, anaruka juu yake ao anatafuta pa kupita. Akiguswa, nguvu inapungua.

Ni muchezo mugumu. Infogrames ilijulikana kwa hiyo, na michezo yake mingine iliyotoka ku BD, kama "Les Schtroumpfs" na "Spirou", iliwaliza batoto wengi wa Ulaya. Hapa hauwezi kuhifadhi muchezo kila mara unapotaka, kama ku michezo ya leo. Mutoto anarudilia sehemu moja mara nyingi mpaka mikono ikariri yenyewe.

Hadithi yake

Tintin anaota kwamba rafiki yake Tchang, kijana wa China, yuko anamuita katika theluji. Kisha habari inakuja: ndege iliyombeba Tchang imeanguka ku milima ya Himalaya. Kila mutu anasema amekwisha kufa. Tintin anakataa. Anaenda pamoja na mbwa wake Milou na Kapiteni Haddock, wanapita India na Nepal, wanapanda mulima mupaka kwenye baridi kali. Nyiragongo yetu iko na metre 3.470, milima ile inapita 8.000.

Katika kitabu kizima hakuna mutu mubaya wa kupigana naye. Hata Yeti, munyama mukubwa ambaye wote wanamuogopa, ndiye aliyemulisha na kumuhifadhi Tchang. Ndiyo maana hata muchezo hauna vita: kazi ya muchezaji ni kufika kwa rafiki.

Tchang alikuwa mutu wa kweli

Mwaka wa 1934 Hergé alitaka kuchora hadithi ya China. Watu walimuonya asichore maneno ya mitaani juu ya Wachina. Akakutana ku Bruxelles na Tchang Tchong-jen, mwanafunzi wa sanaa kutoka China. Tchang alimufasiria inchi yake, akamuandikia hata herufi za Kichina zinazoonekana katika kitabu "Le Lotus bleu". Wakawa marafiki. Kisha Tchang akarudi kwao, na vita vikawatenga. Walionana tena mwaka wa 1981, zaidi ya miaka 40 nyuma yake. Hergé alikufa mwaka wa 1983.

Na "Tintin au Congo"?

Hapa ndipo habari inatugusa sisi. Mbele ya kukutana na Tchang, Hergé alikuwa amekwisha kuchora "Tintin au Congo", mwaka wa 1930 na 1931, katika gazeti la batoto la Wakatoliki ku Bruxelles. Mukubwa wa gazeti alitaka batoto wa Ubelgiji wapende koloni. Hergé hakufika Congo hata siku moja. Wakongomani wamechorwa na midomo mikubwa, wanaongea Kifaransa kibovu, wanapigia muzungu magoti. Katika toleo la kwanza Tintin anafundisha batoto wa Congo kwamba inchi yao ni Ubelgiji. Kitabu kilipochorwa upya mwaka wa 1946, somo hilo liligeuzwa kuwa hesabu, lakini namna ya kuchora watu ilibaki.

Mwaka wa 2007, Mukongomani mumoja, Bienvenu Mbutu Mondondo, alipeleka kitabu hicho mbele ya tribinali ku Bruxelles. Mwaka wa 2012 waamuzi walikataa ombi lake. Kitabu kinaendelea kuuzwa.

Infogrames ilitengeneza michezo kutoka hadithi za Tintin za Mwezi, Tibet na "Le Temple du Soleil". Hadithi ya Congo haimo.

Kwa wazazi

Muchezo wa Tibet haufundishe mutoto kuua, na hilo si jambo dogo katika muji ambamo batoto wanajua mulio wa bunduki mbele ya kujua kusoma. Lakini akipenda Tintin, siku moja atatafuta vitabu vyake, na cha Congo kitakuwa kati yao. Afazali mukubwa akisome pamoja naye, amuonyeshe tofauti: kwa China Hergé aliuliza mwenyeji, kwa Congo hakuuliza mutu.

Na amupatie pia BD za wachoraji wetu. Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani, alichora "Madame Livingstone", iliyotoka mwaka wa 2014, kwa maandiko ya Christophe Cassiau-Haurie. Inaeleza vita ya kwanza ya dunia ku ziwa Tanganyika, na Mukongomani wa hadithi hiyo anajua njia, anajua luga, na anaongea kwa sauti yake mwenyewe.