Kipeo, kipeuo na akisami: Hesabu ilipitia wapi kabla ya kufika darasani?

SOKO la Laare, katika Kaunti ya Meru, ni darasa la hesabu lisilo na ubao. Miraa huko hufungwa surba, na surba kumi zikiunganishwa huwa bunda, ambalo wafanyabiashara huliita pia kilo. Kilo hiyo haipimwi kwa mizani, huhesabiwa. Ukiitisha nusu kilo utapewa surba tano, na hakuna atakayekuuliza nusu ni nini. Lakini mtoto wa muuzaji huyo huyo, akifika kidato cha pili na kuambiwa arahisishe 8/27 kwa kipeo cha 2/3, aghalabu huona ni kama kaingia nchi ya ugenini. Je, kinachomshinda ni hesabu au ni lugha?

Tuanze na akisami. Katika somo la Kiswahili watoto wetu hukariri: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Majina haya yana asili ya Kiarabu, na pwani yana kazi nzito kuliko kukaririwa. Katika mirathi ya Kiislamu, mjane hupata thumuni ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Mama wa marehemu aliyeacha watoto hupata sudusi. Kadhi hawezi kujumlisha 1/8 na 1/6 vivi hivi. Hutafuta kwanza asili inayozikubali zote mbili, ambayo ni 24. Mjane ana 3/24, mama ana 4/24. Hiyo si ndiyo hesabu ya darasani?

Thumuni lenyewe lina kisa chake. Maana yake ni sehemu moja ya nane, ila Wakenya wa rika langu waliita sarafu ya senti 50 thumuni. Nusu shilingi iliitwaje moja ya nane? Jibu liko katika fedha za kale. Riale ya Maria Theresa ilikaribia thamani ya rupia mbili, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 rupia moja ikawa sawa na shilingi mbili. Basi riale ni kama shilingi nne, na ukigawanya nne kwa nane unapata senti 50. Riale ilitoweka, thumuni yake ikabaki mfukoni.

Na vipeuo je? Katika karne ya 9 mjini Baghdad, al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina lake lilitupa neno aljebra. Waarabu waliiita namba inayozidishwa kwa yenyewe jidhr, yaani mzizi. Watafsiri wa Kilatini wakasema radix, na Waingereza wakafuata na mzizi wao. Namba ambayo kipeuo chake hakiishi, kama 2, iliitwa kiziwi, na Walatini wakatafsiri ukiziwi huo huo. Alama √ ilichapishwa mwaka wa 1525 katika kitabu cha Mjerumani Christoff Rudolff. Mnamo 1676 Isaac Newton alieleza katika barua kwamba kipeuo cha pili kinaweza kuandikwa kama kipeo cha 1/2. Hapo ndipo sehemu na vipeo vilipofunga ndoa. Utaona basi kwamba kila taifa lililopokea elimu hii liliitafutia maneno.

Kiswahili nacho kilitafuta. Baada ya Tanzania kutangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka wa 1967, hesabu ya shule za msingi ilifundishwa kwa Kiswahili, na istilahi zikahitajika. Namba ya juu katika sehemu ikaitwa kiasi, ya chini asili. Namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe ikawa namba tasa, maana haizai. Namba shufwa na witiri zikatokana na Kiarabu.

Lakini jozi inayonipendeza zaidi ni kipeo na kipeuo. Anayetafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza angesema "mzizi wa mraba", na mwanafunzi angebaki akiwaza miti. Kiswahili tayari kina funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Sikio lililozoea jozi hizo husikia katika kipeuo kitu kinachotengua kipeo.

Hebu sasa turudi kwa swali la yule mtoto. Katika 2/3, asili yasema: tafuta kipeuo cha tatu. Kiasi chasema: pandisha kwa kipeo cha pili. Kipeuo cha tatu cha 8 ni 2. Cha 27 ni 3. Tunabaki na 2/3. Mara mbili yenyewe kwa yenyewe, jibu ni 4/9. Kwisha!

Tatizo letu Kenya ni kwamba akisami hukaa katika somo la Kiswahili, sehemu zikakaa katika hesabu ya Kiingereza, na mtoto haambiwi kuwa ni mtu na pacha wake. Katikati huchipuka lugha ya mkato: "kata hii, kata ile." Mwanafunzi akiona (2+5)/2, anakata 2 na 2, anaandika 5! Kurahisisha si kukata. Ni kugawanya kiasi chote na asili kwa namba ile ile. Anayejua hivyo ataona kuwa hapo hakuna cha kurahisisha ila kuandika 7/2.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sidai mitihani ibadilishwe kesho. Mwalimu wa Laare, au wa Embu, anaweza kuanza leo kwa dakika tano: aandike kipeo na kipeuo ubaoni kando ya maneno ya Kiingereza, kisha awaulize wanafunzi fungua hutengua nini. Jibu wanalo tangu utotoni.