Miezi 3 ya uzazi, na siku 14 ambazo hakuna anayezitaja

Kila msimu wa siasa lazima mtu apande jukwaani aahidi akina mama likizo ndefu ya uzazi. Upande huu unapiga makofi, ule unauliza pesa zitatoka wapi, mjadala unaishia hapo. Leo wacha tuangalie tulikotoka, kwa sababu kuna swali linalorukwa: mama akiugua kabla hajajifungua, nani anamlipa?

Sheria ya Ajira ya 1976 ilimpa mama miezi 2 kwa mshahara kamili. Lakini soma kifungu hadi mwisho: aliyechukua miezi hiyo alipoteza likizo yake ya mwaka. Yaani kuzaa kulihesabiwa kama kwenda kujipumzisha. Mamangu alikuwa karani enzi hizo. Mimba yangu ilimtesa, akatumia likizo ya mwaka kulala nyumbani akitapika. Alipojifungua, mwajiri akaona siku hizo zimeshaliwa, akazikata kwenye mshahara. Mpaka leo nikimuudhi hunikumbusha hizo pesa.

Wanaosema hakuna kilichobadilika wanakosea. Sheria ya 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, ilifanya miezi ikawa 3 na ikasema wazi mama hapotezi likizo ya mwaka. Baba naye akapata wiki 2.

Sasa shida iko hapa. Kifungu cha 29 ni cha uzazi, cha 30 ni cha ugonjwa. Ugonjwa wa mimba haukutengewa chake. Presha, kutapika kusikoisha, kutokwa damu, vyote vimetiwa kapu moja na malaria. Kiwango cha chini ni siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, ndani ya miezi 12, tena uwe na cheti cha daktari. Siku 14, basi.

Mimi presha ilinipanda mimba ikiwa ya miezi 7, daktari akaniamuru nilale. Siku 14 zikayeyuka. Ofisini nikaambiwa, "Si uanze tu likizo ya uzazi?" Nikakubali. Nilijifungua mwezi na nusu baadaye, nikarudi kazini mtoto ana wiki 6 hivi.

Nisichojua wakati huo: kifungu cha 29 kinamtaka mama mwenyewe atoe notisi ya siku 7, au pungufu hali ikilazimu, akitaja tarehe ya kuanza. Lakini tuseme ukweli, ningeng'ang'ania tarehe yangu ningekaa bila mshahara, labda mkataba au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yawe yananipa siku zaidi. Ajabu ni kwamba ukiugua baada ya miezi 3, kabla hujarudi kazini, sheria inakutunzia nafasi yako hadi likizo ya ugonjwa iishe. Kabla ya kujifungua, hakuna kinga kama hiyo.

Waajiri nao wana hoja. Mwenye duka la wafanyakazi 3 anabeba mshahara huo wote peke yake, ndiyo maana wengine wanaogopa kuajiri wasichana. Mkataba wa 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka gharama itoke kwenye bima ya jamii au mfuko wa umma, na unataka pia likizo ya ziada kwa ugonjwa wa mimba, kabla au baada ya ile ya uzazi.

Kwa hivyo mgombea akija mtaani kwenu na ahadi ya miezi, muulizeni kuhusu siku ya 15.