Wanaowashika Mkono Wazee wa Nairobi

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na kwa zaidi ya nusu karne haikutenga mahali pa mzee Mwafrika. Wakoloni walimtaka kijana mwenye nguvu. Walimpa kitanda katika chumba cha watu kadhaa na kumlipa mshahara uliopigiwa hesabu ya mtu asiye na familia. Akizeeka, alitarajiwa kurudi mashambani. Ni mwaka 1954 ndipo kamati ya mishahara iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipopendekeza malipo yanayotosha kutunza familia.

Magharibi ya mji mambo yalikuwa tofauti. Dagoretti, Kawangware, Kangemi na Uthiru vilikuwa vijiji vya Wakikuyu, na wazee waliishi humo kwenye mashamba yao, wamezungukwa na wana na wajukuu. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipanuliwa hadi kilomita za mraba zipatazo 690, na vijiji hivyo vikamezwa. Mashamba yaligawanywa vipande, vyumba vya mabati vya kupangisha vikaota palipokuwa na mahindi. Wazee hawakuuhamia mji. Mji ndio uliowafuata.

Kwa mzee aliyeshikwa na dimenshia, ugonjwa unaofifisha kumbukumbu, badiliko hilo ni zito. Vijia alivyovijua tangu ujana vimefunikwa na ploti, na barabara kuu ya Waiyaki Way inanguruma hatua chache kutoka mlangoni. Watoto wanatoka alfajiri kwenda kazini. Majirani ni wapangaji, hawamjui kwa jina, na akipotea hawajui wamrudishe wapi.

Mzigo wa kumtunza mzee huyo huangukia mtu mmoja, mara nyingi binti au mkamwana. Saa kumi na mbili jioni mama anaanza: "Nipeleke nyumbani." Yuko nyumbani kwake, alipoishi miaka hamsini. Kumbishia kunamwongezea hofu. Kwa hiyo binti anamvika sweta, anamshika mkono, wanatembea polepole hadi getini huku akimwuliza habari za ng'ombe wa zamani. Wanageuka, wanarudi, chai iko mezani. Kesho yake jioni safari ni ileile. Huo ni ujuzi, na wanaoutumia wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa wajuzi wa jiji hili.

Hospitali zilichelewa kuwaona watunzaji hawa. Hospitali ya akili ya Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910, ilimpokea mgonjwa wa akili, lakini mtunzaji alibaki nje ya lango. Wazo la kumtunza mgonjwa pamoja na familia yake lilipata makao mwaka 1990, Nairobi Hospice ilipoanzishwa katika uwanja wa Hospitali ya Kenyatta kuwahudumia hasa wagonjwa wa saratani. Wauguzi wake walikwenda hadi majumbani.

Upande wa dimenshia, pengo lilizibwa na mtunzaji mwenyewe. Elizabeth Mutunga alimwuguza baba yake, na kutokana na uzoefu huo likazaliwa shirika la Wakenya wenye Alzheimer na dimenshia, lililoanzishwa mwaka 2016. Katika vikundi vyake vya kusaidiana, mtu husema wazi yale asiyothubutu kuyasema mbele ya ukoo: kwamba amechoka, kwamba jana alimfokea mama, kwamba wapo wanaonong'ona kuwa mzee amerogwa. Anayemsikiliza anaitikia kwa kichwa, kwa sababu naye yamemkuta. Hapo ndipo wengi wanapopata nguvu ya kuendelea, na ujasiri wa kuwaambia ndugu zao kwamba zamu zigawanywe.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake pamoja na serikali. Mwaka 2018 mpango wa serikali wa Inua Jamii ulifunguliwa kwa Wakenya waliotimiza miaka 70, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo ni za mzee. Binti aliyeacha kazi ili amwangalie hana fungu lake, wala hana kituo cha mtaani cha kumwachia mama kwa saa chache ili naye aende kliniki. Familia za Kangemi na Kawangware zimekuwa zikitimiza sehemu yao ya kifungu hicho tangu kabla hakijaandikwa. Sehemu inayodaiwa sasa ni ya serikali.