Protini yenye nguruwe alipoteza

Leo naleta historia ya kitu kidogo sana, chenye kilinipatisha haya.

Wakati wa staji huko milimani Kivu, nilimushauri mama mmoja mfugaji atoe majani makavu katika nyumba ya nguruwe, ati yanaleta uchafu. Alinisikia. Nguruwe wake akazaa juu ya simenti tupu, na asubuhi tukakuta watoto saba wamekufa, baridi kama mawe. Mama aliniuliza: "Mwanangu, mbona ndama na mwana-kondoo wanavumilia hii baridi?" Sikuwa na jibu.

Jibu linaanzia mbali. Mwaka 1551, Conrad Gessner wa Uswisi aliandika juu ya marmota, mnyama wa milima anayelala majira yote ya baridi. Ndani yake kulikuwa kitu cha ajabu, katikati ya mafuta na nyama. Ni mafuta ya kahawia. Kwa muda mrefu watu walidhani ni tezi ya usingizi. Mwaka 1961 ndipo Mmarekani Robert Smith alisema: hapana, ni jiko la mwili.

Lakini jiko linawaka namna gani? Mwaka huohuo, Mwingereza Peter Mitchell alieleza kazi ya mitokondria. Chakula kinasukuma protoni nje ya utando wa ndani. Zikirudi, zinazungusha mashine inayotengeneza ATP, kama maji yanavyozungusha turbini ndogo za kwetu milimani. Wengi walimukatalia, lakini 1978 akapewa Nobel ya kemia.

Mwaka 1976, huko Ufaransa, Daniel Ricquier na Jean-Claude Kader waliona kwamba protini moja ya utando inaongezeka katika mafuta ya kahawia ya panya walioishi kwenye baridi. Mwaka 1978 kikundi cha David Nicholls kikaonyesha kazi yake: inafungua njia ya pembeni. Protoni zinarudi bila kupita kwenye turbini, na nguvu yote inatoka kama joto. Leo tunaiita UCP1. Ndama, mwana-kondoo, hata mutoto wa mutu, wanazaliwa nayo.

Nguruwe je? Mwaka 2006, watafiti wa Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba jeni yake ya UCP1 imevunjika. Vipande vyake vingine vimekatika kabisa. Hiyo ilitokea karibu miaka milioni 20 iliyopita, mbele mutu hajafuga mnyama hata mmoja. Kwa hiyo mutoto wa nguruwe anazaliwa bila jiko. Anatetemeka tu, na anahitaji joto la digrii zaidi ya 30.

Sasa angalieni vizuri: karibu kuzaa, nguruwe jike anakusanya majani na kutengeneza kiota, jambo ambalo ng'ombe na kondoo hawafanyi. Kiota hicho ndicho kinashika nafasi ya protini iliyopotea. Na mimi nilikiita uchafu!

Nilirudi kwa yule mama, nikamuomba msamaha, nikamueleza yote. Alicheka kidogo, akasema majani alikuwa amekwisha kuyarudisha zamani.

Wandugu, mbele ya kumukataza mfugaji kitu, tumuulize kwanza juu ya nini anakifanya.