Menyu ya kuwashia kompyuta
Menyu ya kuwashia ni orodha inayotokea kwenye skrini kabla mfumo endeshi haujapakiwa, na katika kompyuta nyingi za Linux huandaliwa na programu iitwayo GRUB, ambayo hupakia kiini cha mfumo kwenye kumbukumbu na kukipa maelekezo. Msimamizi hubonyeza herufi e, huongeza neno single mwishoni mwa mstari wa kiini, na mashine huingia katika hali ya mtumiaji mmoja, yaani hali ya matengenezo ambamo amri hutolewa kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu. Matoleo mengi hudai nenosiri hata hapo, lakini maelekezo init=/bin/bash hulikwepa dai hilo, hivyo mlango wa fundi humfaa vilevile mwizi aliyeketi mbele ya kibodi.

Katika GRUB 2 kinga ni nenosiri lililofumbwa kwa amri grub-mkpasswd-pbkdf2, huku chaguo la kawaida likiwekewa alama --unrestricted. Bila alama hiyo, seva iliyoko mji kama Kalemie, umeme ukikatika usiku na kurudi, ingengoja nenosiri hadi mtu afike. Kufuli hili lenyewe si imara sana: Desemba 2015 Hector Marco na Ismael Ripoll, watafiti wa Valencia, Hispania, walionyesha kuwa kubonyeza kitufe cha kufutia mara 28 kulitosha kulipita. Kasoro hiyo ilirekebishwa, ila anayeweza kuichomoa diski huisoma kwenye kompyuta nyingine, isipokuwa data zake zimesimbwa.